Jiwe Lililosingiziwa Kuwa Dhahabu

Katika mawe yote ambayo binadamu ameyachimbua ardhini kwa tamaa kisha akayatupa kwa hasira, sidhani kama lipo lililopatwa na fedheha kubwa kuliko pairaiti, ambalo kwa sababu lina rangi ya manjano na mng'ao wa madini, na kwa sababu mara nyingi hukaa katika miamba ileile inayokaa dhahabu, liliwahadaa wachimbaji wa zama nyingi na wa mabara mengi, hata watu wa Ulaya wakalibandika jina la dhahabu ya wajinga. Jina hilo ni dhuluma. Jiwe halikudai kuwa dhahabu. Macho ya wenye pupa ndiyo yaliyolisingizia, na pupa ilipokosa ilichokitaka, lawama ikamwagiwa jiwe.

Masonara na wachimbaji waliokomaa hawahadaiki, maana wanazo njia nyepesi za kuupata ukweli. Chukua kigae cha kaure, ukigeuze upande wa nyuma usiopakwa ute wa kung'aa, kisha ulisugue jiwe lako hapo kwa nguvu kidogo: dhahabu huacha mstari wa manjano kama ilivyo yenyewe, ilhali pairaiti, kwa mshangao wa kila asiyeijua, huacha mstari mweusi wenye kuelekea ukijani. Dhahabu ikiwekwa mizanini huwa na uzito mara 19 wa maji ya ujazo uleule. Pairaiti ni kama mara 5 tu. Dhahabu ikipigwa nyundo hubonyea na kutandaa. Pairaiti hupasuka, na aghalabu hurusha cheche na kuacha harufu kali ya kiberiti upele. Cheche hizo ndizo zilizolipatia jina lake, lenye asili katika neno la Kiyunani la moto, na ndizo zilizowashia baruti ya bunduki za gurudumu huko Ulaya katika karne ya 16, kabla hazijaenea bunduki za gumegume ambazo wazee wetu wa pwani walizijua vyema.

Mimi nataka tuutazame ule mstari mweusi. Kitu kikionekana cheusi, maana yake ni kwamba nuru iliyokiangukia imemezwa na haikurudi machoni. Na jiwe ambalo likiwa zima hung'aa kama shaba iliyopigwa msasa, lakini likisagwa huwa jeusi kama masizi ya sufuria, limebeba swali ambalo wanazuoni wa fizikia na kemia wameliandama kwa zaidi ya miaka 40: je, nuru hiyo iliyomezwa yaweza kutolewa tena ikiwa umeme?

Pairaiti ni ndoa ya vitu viwili vilivyo rahisi kwa bei na tele kwa wingi, yaani chuma na kiberiti upele, ambacho vitabu vya shule siku hizi hukiita salfa. Kila atomi moja ya chuma hufuatana na mbili za salfa, na hizo mbili hushikana zenyewe kwa zenyewe kama mapacha, kisha chuma na mapacha hao hupangana kwa zamu, juu na chini, kulia na kushoto, kwa mpango unaofanana na ule wa chumvi ya kupikia. Ndiyo sababu huko Navajún, kaskazini mwa Hispania, jiwe hili hutolewa mlimani likiwa na umbo la dadu, lenye pande sita zilizonyooka na pembe kali, hata mgeni akaapa kwamba limechongwa na fundi.

Ndani ya dadu hilo mna jambo ambalo halionekani kwa macho. Katika shaba au fedha, elektroni hutembea huru kama watu sokoni, na ndiyo maana umeme hupita humo bila taabu. Katika kioo au mpira, elektroni zimefungiwa na hazina njia. Baina ya makundi hayo mawili kuna kundi la tatu, la vitu vinavyoitwa nusu-vipitishi, ambamo elektroni zimejaa sakafu ya chini, na juu yake ipo orofa iliyo wazi, lakini ngazi ya kupandia hapana. Kinachoweza kuzipandisha ni nuru, endapo kila chembe yake, yaani fotoni, ina nguvu ya kutosha kuivuka nafasi iliyopo katikati. Elektroni ikipanda huacha pengo nyuma yake, na pengo hilo nalo huhamahama huko chini kadiri elektroni jirani zinavyoingia kulijaza. Kazi yote ya sola, ukiivua mapambo yake, ni kuiwahi elektroni ingali juu, kabla haijaanguka tena katika pengo na nguvu yake kupotea kuwa joto, na kuipitisha katika waya ikawashe taa au ivute maji kisimani.

Nafasi hiyo katika silikoni, ambayo ndiyo iliyomo katika paneli nyingi tunazoziona juu ya mapaa, ni 1.12 kwa kipimo cha elektroni-volti. Katika pairaiti ni karibu 0.95. Tofauti yaonekana ndogo, walakini maana yake ni kwamba elektroni za pairaiti huinuliwa hata na nuru dhaifu ya infraredi, isiyoonekana kwa macho yetu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1200 na zaidi, ilhali silikoni hukoma kwenye 1100 hivi na nyingine zote ikaziacha zipite. Hata hivyo shani ya jiwe hili si hiyo. Shani yake ni namna linavyoimeza nuru. Silikoni hunywa nuru polepole, kama mgonjwa anyweshwaye uji kwa kijiko, na kwa hiyo bamba lake la kawaida huwa na unene wa zaidi ya maikromita 100. Pairaiti humaliza sehemu kubwa ya nuru ya jua ndani ya utando usiozidi sehemu moja ya kumi ya maikromita moja. Unywele wa kichwa cha mtu, lau ungeweza kupasuliwa kwa urefu kuwa tando nyembamba kiasi hicho, ungetoa kama tando 800.

Waliolishughulikia jambo hili mwanzo kwa bidii ya kipekee walikuwa Helmut Tributsch na Ahmed Ennaoui, katika taasisi ya Hahn-Meitner mjini Berlin, ambao kuanzia mwaka 1984 walitoa maandishi juu ya seli za jua za pairaiti. Walichukua fuwele nzima ya jiwe, wakaitia katika kimiminika chenye madini ya joto, wakaimulikia, na mkondo uliotoka ulikuwa mkubwa hata wa silikoni usingeona haya kukaa kando yake. Lakini umeme hauhesabiwi kwa mkondo peke yake. Mto waweza kuwa na maji mengi, ila usipokuwa na mteremko hauzungushi gurudumu. Na mteremko wa umeme ni volti, ambayo pairaiti ilitoa chini ya 0.2, hali kwa nafasi yake ya 0.95 ilitarajiwa itoe nusu volti au zaidi. Hivyo katika kila sehemu 100 za nguvu ya nuru iliyoingia, sehemu 2.8 tu ndizo zilizotoka kuwa umeme, na kiasi hicho kimebaki kuwa kilele ambacho waliofuata wamekitazama miaka nenda miaka rudi bila ya kukivuka kwa hakika.

Huenda habari ingeishia hapo, ikawekwa rafuni pamoja na matumaini mengine yaliyopoa, kama si hesabu iliyotolewa mwaka 2009 na watu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nao ni Cyrus Wadia, Paul Alivisatos na Daniel Kammen. Hawa hawakuuliza ni kitu gani kitoacho umeme mwingi zaidi maabarani. Waliuliza swali la mwenye duka, kwamba ikiwa dunia nzima itataka kuendeshwa kwa jua, ni kitu gani kitakachopatikana kwa wingi wa kutosha na kwa bei ya kustahimilika? Wakavipima vitu 23 vyenye tabia ya kugeuza nuru kuwa umeme, wakatazama kila kimoja kiko kiasi gani ardhini na kuchimbuliwa kwake hugharimu nini. Vitu 12 vilionekana kuwa tele kiasi cha kutosheleza au kupita umeme wote unaotumiwa duniani kwa mwaka, na 9 katika hivyo vilikuwa na malighafi nafuu kuliko silikoni. Na juu ya orodha, mbele ya vyote, likasimama lile jiwe lililofedheheshwa. Tena ni wazi kwa nini. Chuma ni takriban sehemu 5 katika 100 za gamba la dunia, na salfa huzagaa kama taka katika viwanda vya kusafishia mafuta ya petroli. Hata kama pairaiti ingegeuza nuru kwa ufanisi mdogo, wingi wake ungeifidia.

Basi wakarudi watu maabarani, safari hii si kwa fuwele nzima itolewayo mlimani, bali kwa fuwele zilizozaliwa ndani ya chupa, ndogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Hila yenyewe waliiazima kwa waliotangulia. Mwaka 1993, huko Massachusetts, Moungi Bawendi na wanafunzi wake walionyesha jinsi ya kuzalisha fuwele ndogondogo za michanganyiko ya kadmiamu zilizolingana ukubwa, kwa kuchoma kitu kimoja kwa sindano katika kingine kilicho moto, na kazi hiyo ilimpatia fungu la tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Utaratibu wa pairaiti ni wa ukoo huohuo, na mimi naona inafaa tuufuate hatua kwa hatua, kwa kuwa humo ndimo uzuri wa kazi hii ulimo, na humo pia ndimo balaa lake lilimojificha.

Chombo ni chupa ya kioo ya mviringo yenye shingo tatu: moja ya kupozea mvuke, ya pili ya kupitishia kipimajoto, ya tatu imezibwa kwa kizibo cha mpira kinachoweza kutobolewa na sindano. Ndani hutiwa kloridi ya chuma, chumvi isiyo ghali, pamoja na kitu kinachoitwa oktadesilamini, ambacho kwa joto la kawaida ni kigumu na cheupe kama nta ya mshumaa, lakini kikipashwa huyeyuka kikawa mafuta. Chupa hupashwa hadi nyuzi 120 hivi huku hewa yote ikivutwa nje, ili unyevu na oksijeni viondoke, maana chuma na oksijeni ni mahasimu wa tangu na tangu na wakikutana hapo watazaa kutu badala ya fuwele. Kisha hupulizwa ndani agoni au naitrojeni, hewa zisizogombana na kitu. Kando yake, katika chupa nyingine, salfa imeyeyushwa katika kimiminika chenye harufu ya majani ya maua, na fundi ameivuta katika bomba la sindano.

Joto la chupa kubwa likifika nyuzi 220, fundi hutoboa mpira na kusukuma salfa yote kwa mkupuo mmoja. Hapo huonekana kitu ambacho aliyekiona hakisahau: kimiminika ambacho nukta moja iliyopita kilikuwa kikipitisha nuru, hugeuka cheusi papo hapo, kana kwamba usiku umeingia chupani. Ni mstari uleule wa kigaeni, safari hii ukiwa umezaliwa na si kusuguliwa. Kilichotokea ni kwamba chuma na salfa, zilipojikuta pamoja kwa wingi usiovumilika, ziliungana ghafla katika mahali mabilioni kwa wakati mmoja, zikatunga mbegu. Na kwa kuwa mbegu zote zilitungwa kwa dharuba moja, zote hukua pamoja, nazo huhitimu zikiwa na kimo kinachokaribiana. Nyuzi ndefu za oktadesilamini huja zikajibandika juu ya kila fuwele kama manyoya, zikaizuia isigandamane na jirani yake. Baada ya saa moja au mbili au tatu, kwa kadiri ya ukubwa unaotakiwa, moto huondolewa, kimiminika huoshwa kwa ethanoli na klorofomu, huzungushwa kwa kasi katika mashine ili fuwele zitue chini, humwagwa, huoshwa tena, na kinachosalia ni matope meusi ambayo yakichanganywa na klorofomu kidogo huwa wino.

Wino, ndilo jina hasa. Mwaka 2011 Matt Law na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine walichapisha habari za wino wa pairaiti wa namna hiyo, ambao waweza kutandazwa juu ya kioo tabaka kwa tabaka, pasipo tanuri kubwa za kuyeyushia silikoni zinazokula moto wa nyuzi zaidi ya 1400. Mtu akifikiri juu ya nchi zisizo na viwanda vizito, huona upesi kwa nini neno hilo dogo, wino, liliamsha matumaini makubwa kiasi hicho.

Yapo mambo ya kuchungwa ambayo nitayapitia kwa haraka. Salfa ikipungua chupani, chuma hakikosi mwenzi ila huoa vibaya, na hutoka michanganyiko mingine yenye salfa kidogo, ambayo hupitisha umeme ovyo kama chuma kitupu. Ndiyo maana mafundi wengine hutia salfa hadi mara 6 ya chuma, ingawa hesabu ya jiwe yenyewe ni 2 kwa 1. Joto likienda mrama huweza kutokea markasaiti, ndugu wa pairaiti mwenye chuma na salfa kwa hesabu ileile lakini mpangilio mwingine, ambaye jina lake lilipitia katika Kiarabu kabla ya kufika Ulaya. Kuwatenganisha ndugu hawa kwa macho haiwezekani. Hutumika eksirei, ambayo hurudi kutoka katika kila mpangilio wa atomi kwa pembe zake maalumu, kama mtu anavyotambulikana kwa mwandiko. Tena kazi yote hufanywa ndani ya kabati la kuvutia hewa, kwa kuwa salfa iliyo moto yaweza kutoa mvuke wenye harufu ya yai viza, nao ni sumu ya kuua.

Sasa tuje kwenye balaa. Fuwele ya pairaiti yenye upana wa nanomita 10 ina vyumba 18 tu vya atomi kutoka ukuta hadi ukuta, na ukifanya hesabu utapata atomi za chuma kama 25,000 na za salfa kama 50,000, idadi ambayo yaonekana kubwa mpaka utambue kwamba takriban vyumba 3 katika kila 10 viko ukingoni. Katika jiwe la mkononi, ngozi si kitu, ni sehemu isiyostahili kutajwa ya mwili mzima. Katika fuwele hizi, ngozi ni karibu thuluthi ya mwili. Na atomi iliyo katika ngozi haiko sawa na iliyo ndani. Ya ndani imezungukwa na majirani pande zote na mikono yake yote imeshikwa. Ya nje ina mkono unaoning'inia bila wa kuushika, na aghalabu pacha mmoja wa salfa huchopoka akaenda zake, akaacha shimo. Katika mashimo na mikono hiyo ndimo elektroni zilizokwisha kupandishwa na nuru hunaswa na kuangushwa chini kabla hazijaufikia waya. Kwa hiyo waliokimbilia udogo ili wapate wino mwepesi wa kutandazwa, walijikuta wamelizidisha lilelile lililoifisha volti ya Berlin. Na seli za jua zilizotengenezwa kwa tando za fuwele hizi zimekuwa zikitoa umeme haba mno.

Juu ya chanzo hasa cha ubovu huo wanazuoni hawakukubaliana upesi, na mabishano yao yamekuwa ya manufaa. Mwaka 2014 kundi la Law lilionyesha kwamba fuwele safi ya pairaiti, ambayo ndani yake wabebaji wa umeme ni elektroni, hufunikwa na tabaka jembamba ambalo wabebaji wake ni yale mapengo, yaani ngozi yenye tabia kinyume na mwili, na kwamba ngozi hiyo ndiyo inayoivujisha volti. Mwaka huohuo kundi la Song Jin wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison lilisema lawama isiishie katika ngozi, kwa kuwa hata ndani kabisa ya fuwele mna nafasi zilizoachwa na salfa, nazo hunasa elektroni vilevile. Kisha mwaka 2020 kundi la Chris Leighton wa Chuo Kikuu cha Minnesota likaonyesha kwamba mpaka baina ya ngozi na mwili ni makutano halisi ya umeme yaliyojificha ndani ya jiwe, yenye volti yake yenyewe iliyo ndogo. Kwa maoni yangu, jambo hilo la mwisho ndilo lenye bishara kubwa, kwani likithibiti, udhaifu wa Berlin haukuwa tabia ya pairaiti, bali ulikuwa wa mahali ambapo watu walikuwa wakiipima bila ya kujua.

Ngozi hiyo ina ugomvi mwingine, nao ni na hewa yenye unyevu. Pairaiti ikikutana na maji na oksijeni huoza, ikatoa chumvi za chuma pamoja na tindikali kali ya salfa, na hili si jambo la maabara peke yake. Waganda wa magharibi wanalijua kwa macho yao: machimbo ya Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, yalitoa shaba kwa miaka mingi, na pairaiti yenye kobalti iliyobaki ikarundikwa Kasese, mahali ambapo mvua iliilowesha na kuchuruzisha tindikali hadi katika ardhi ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ikababua majani. Kuanzia mwaka 1999 rundo hilo lilianza kufanyiwa kazi kwa namna ya ajabu, kwa kulilisha kwa vijidudu ambavyo riziki yao ni chuma na salfa, ili kobalti iliyofungwa ndani ifunguliwe. Uozo uleule uliokula kilima cha Kasese ndio unaokula fuwele ya nanomita 10, ila fuwele hiyo haina kilima cha kuliwa. Muda si mrefu ngozi yote yaweza kuliwa.

Dawa imekuwa ni kuivisha nguo bora. Mwaka 2011 kundi la Jinsong Huang, lililokuwa Chuo Kikuu cha Nebraska, lilitumia katika chupa kitu chenye fosforasi na oksijeni ambacho hushika chuma na salfa kwa pamoja, nacho kikashona manyoya yasiyong'oka kwa urahisi. Tando za fuwele zao zilikaa hewani kwa zaidi ya mwaka bila kuharibika, ilhali zile zisizo na vazi hilo zilionekana wazi zimeliwa. Tena, na hapa ndipo mlango wa pili ulipofunguka, walipozimulikia tando hizo ziliongeza upitishaji wa umeme kwa kiasi kikubwa.

Ni lazima kutofautisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Sola hutakiwa itoe nguvu, na bila volti ya kutosha haina faida. Kihisi-nuru, kwa upande mwingine, hakitakiwi kutoa nguvu yoyote. Hicho hupewa volti kutoka katika betri, na kazi yake ni kuarifu tu kwamba nuru imefika na ni kiasi gani. Mtu mwenye sauti ndogo hawezi kuadhini mji mzima ukasikia, lakini aweza kuwa mlinzi mzuri wa mlangoni. Udhaifu ulioiangusha pairaiti katika kazi ya kwanza hauiangushi katika ya pili, na ulafi wake wa nuru, pamoja na uwezo wake wa kuiona infraredi, hubaki kuwa fadhila tupu.

Vihisi vya infraredi vinavyotumika leo pale silikoni isipoona, aghalabu hutengenezwa kwa risasi, zebaki, kadmiamu au indiamu, vitu ambavyo ama ni sumu au ni adimu, na sheria za Ulaya zimekwisha kuvibana vitatu vya kwanza katika vyombo vya umeme. Mwaka 2012 watafiti wa Taiwani walitandaza fuwele za pairaiti pamoja na oksidi ya zinki, ileile iliyomo katika dawa nyeupe za kupaka ngozi, wakapata kihisi kinachoitikia nuru ya macho na infraredi ya karibu. Mwaka uliofuata kundi la Shenqiang Ren katika Chuo Kikuu cha Kansas lilitoa kihisi cha pairaiti chenye upeo mpana wa rangi, ambacho mkondo wake uliathiriwa hata na sumaku iliyowekwa karibu; na huko huko Kansas kundi la Judy Wu likaendelea kwa kuziweka fuwele hizo juu ya grafini, ule utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, ili fuwele ziwe za kumeza nuru na grafini iwe barabara ya kuubeba umeme. Mgawanyo huo wa kazi waniridhisha kuliko hila nyingine zote, kwa sababu hauitaki pairaiti iwe kile isichoweza kuwa.

Upande wa sola, sioni haki ya kumwahidi msomaji kitu. Tangu hesabu ya Berkeley ya mwaka 2009, bei ya paneli za silikoni imeshuka mno, na jiwe litakalokuja kushindana nazo litakuta soko limekwisha kushikwa. Walakini kazi ya Minnesota ya kuufahamu mwili wa pairaiti na ngozi yake haikukoma, na mwaka uleule wa 2020 walionyesha kwamba kwa kuitia volti ndogo kupitia kimiminika chenye chaji, uso wa jiwe hili lisilo na usumaku waweza kugeuzwa sumaku, na volti ikiondolewa, usumaku hutoweka.

Kihisi chenyewe, ukikiona mezani, si kitu cha kumsimamisha mpita njia. Ni kipande cha kioo kinachoenea katika kiganja, kimewekwa mistari miwili ya dhahabu halisi iliyo karibu karibu, na baina ya mistari hiyo limedondoshwa tone la wino mweusi likaachwa likauke hadi likawa doa. Waya mbili zatoka katika dhahabu hadi kwenye betri na mita. Gizani mshale wa mita hutulia chini. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye doa, ubonyeze kitufe, nawe hutaona nuru yoyote, kwa kuwa nuru yake ni infraredi. Lakini mshale huinuka. Achia kitufe, hushuka. Bonyeza tena, huinuka, dhahabu ikiwa imekaa kandokando kama mtumishi, ikibeba waya, na jiwe lililosingiziwa kuwa dhahabu likiwa katikati, jeusi, likiona.